Itaendelea: Vitabu vya Katuni Unavyoweza Kusoma Hadi Mwisho
Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Kigoma Mjini

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Naanza na neno moja ambalo kila mtu wa rika langu aliyekulia hapa Kigoma analijua, na pengine linamuuma mpaka leo: "Itaendelea." Ulikuwa unalikuta chini kabisa, pembeni, kwenye picha ya mwisho ya ukurasa wa mwisho. Jamaa ameshashika kitasa cha mlango, jasho linamtiririka, nyuma ya mlango kuna mtu amejificha. Itaendelea toleo lijalo. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, toleo lijalo lilikuwa jambo la kusubiri. Kwetu sisi wa mwisho wa reli lilikuwa jambo la bahati. Jarida la katuni la Sani lilikuja na treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na masika maji yakikata njia, mzigo unalala huko huko. Njia ikifunguliwa linakuja toleo jipya kabisa, lile la katikati ndiyo basi tena. Visa vya Ndumilakuwili na Madenge nilivisoma hivyo, kichwa bila mkia, mkia bila kichwa. Kuna hadithi moja niliianza nikiwa darasa la tano, na mwisho wake sijaupata mpaka leo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na dawa yake. Aliyaweka matoleo yote aliyoyapata, akabadilishana na wenzake wa Ujiji na Mwanga yale yaliyopungua, akayapanga kwa namba. Kisha akatoboa matundu kwa msumari, akashona kwa uzi wa nyavu aliopewa na wavuvi wa Kibirizi, akaweka jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kitabu kile kilizunguka mtaa mzima. Kilirudi kinanuka mawese na dagaa, lakini kilirudi.

Alichofanya kaka yangu ndicho wanachofanya wachapishaji wa Marekani, na ndicho kilichonileta mbele yenu. Katuni nyingi za kule huanza kama vijitabu vyembamba, kurasa ishirini na kitu, kimoja kwa mwezi. Baadaye vijitabu vitano au sita vinaunganishwa kuwa kitabu kimoja chenye mgongo. Huo unaitwa mkusanyo. Sisi tulio mbali na duka tungoje mkusanyo. Usinunue kijitabu cha katikati kwa sababu jalada limekuvutia. Tazama namba kwenye mgongo wa kitabu, anza na moja.

Sasa cha kwanza hapa mezani, na kwenye hiki nitakaa, kwa sababu ni kitabu chetu ingawa wengi hamjakiona. Kinaitwa Madame Livingstone. Kimechorwa na Barly Baruti, Mkongomani aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, na kuandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Kilitoka Ufaransa mwaka 2014, na mwaka 2021 kikatoka kwa Kiingereza. Kisa chake ni Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili mnaloliona mkitoka nje ya mlango huu.

Rubani wa Kibelgiji, Gaston Mercier, anatumwa ng'ambo kule upande wa Kongo. Kazi aliyopewa ni kuizamisha meli ya Wajerumani iliyolitawala ziwa zima. Meli yenyewe ni Graf von Götzen. Wazee wangu mnaijua kwa jina jingine: ni Liemba. Ile ile ambayo bibi zetu walipanda na vikapu vyao kwenda Kasanga na Mpulungu. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa treni mpaka hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, walipoona mji unawaponyoka, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito. Waliizamisha wakiwa na nia ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua.

Fikirini, basi, mtoto wa Kigoma anafungua kitabu na kukuta Liemba ndiyo adui. Ndiyo shabaha. Kitabu kinatutazama kutoka ng'ambo. Milima yetu ndiyo ile ya mbali yenye bluu, na pwani yetu ndiyo inayoogopwa. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikifunga nikatoka nje nikaliangalia ziwa upya.

Lakini moyo wa kitabu si meli wala rubani. Ni kiongozi wake wa njia, mtu chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, mwenye kujua mambo mengi kuliko mabwana wanaomwamrisha. Inasemekana ni mtoto wa Dokta Livingstone, na kwa ajili ya ile sketi watu wamembandika jina la Madame Livingstone. Watoto wa Ujiji mmepelekwa na walimu wenu kwenye mwembe pale mkaambiwa Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mmeambiwa nani alimsalimia nani. Baruti na mwenzake wanauliza swali ambalo pale kwenye mnara halipo: hawa watu waliobeba mizigo, waliopika, walioonyesha njia, waliozaa na wageni hawa, wao walikuwa na maoni gani? Mtu yule wa sketi ni wa kubuni. Swali si la kubuni.

Mtasema kitabu cha Kifaransa tutakisomaje. Nami nawauliza, mji huu una Wakongomani na Warundi wangapi waliosoma kwa Kifaransa? Mama Mkongomani anayeuza vitenge sokoni anaweza kukaa na watoto wako jioni moja akawasomea viputo vya maneno kimoja kimoja kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. Mimi nimefanya hivyo na jirani yangu, na maelezo yake juu ya picha yalikuwa mazuri kama kitabu chenyewe.

Cha pili ni When Stars Are Scattered, cha mwaka 2020. Omar Mohamed alikuwa mtoto wa Kisomali aliyekulia kambi ya Dadaab, Kenya, yeye na mdogo wake Hassan. Baba aliuawa, mama wakapotezana naye. Hassan ana ulemavu na neno analolisema ni moja tu: "Hooyo." Kwa Kisomali ni mama. Omar alipokua alimsimulia hadithi hiyo mwandishi na mchoraji Victoria Jamieson, wakaitengeneza pamoja.

Ninakiweka juu kwa sababu moja. Habari za wakimbizi tunazisikia kila siku, na mara nyingi ni habari za kukimbia: risasi, mabegi, mpaka. Kitabu hiki ni habari ya kusubiri. Kusubiri maji, kusubiri mgao, kusubiri jina lako litoke kwenye karatasi ukahojiwe. Miaka inapita. Omar anapewa nafasi ya kwenda shule na anaogopa kuikubali, kwa sababu nani atabaki na Hassan? Mkoa wetu una kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Kuna watu wazima leo waliozaliwa mle ndani. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo akikiweka kitabu hiki darasani, Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa kidato cha pili anakimudu. Na yule mtoto anayekaa nyuma kimya ataona kuna mtu alishamchora.

Baada ya huzuni hiyo, mchukue Aya. Mwandishi ni Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan, Ivory Coast, mwaka 1971 na kupelekwa Ufaransa akiwa na miaka 12. Mchoraji ni Clément Oubrerie. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2005 na mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya kitabu cha kwanza huko Angoulême, tamasha kubwa la katuni Ufaransa. Yopougon, mtaa wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kuwa daktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanataka muziki, vitenge vipya na wavulana wenye magari. Baba ana siri zake. Mtoto anazaliwa, watu wanamtazama usoni na kuanza kujiuliza kafanana na nani. Hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuokoa mtu. Kuna majirani. Ukisoma utadhani ni Mwanga Jumamosi jioni. Na nyuma ya kitabu kuna kurasa za mapishi na za namna ya kufunga kitenge!

Vitabu sita vya mwanzo vimeunganishwa kwa Kiingereza kuwa mikusanyo miwili minene, ya mwaka 2012 na 2013. Ukipata hiyo miwili una hadithi nzima. Halafu baada ya kimya cha miaka 12 wakarudi na cha saba mwaka 2022, na kwa Kiingereza kikafika mwaka 2024. Hicho usianze nacho.

Dada zangu na kaka zangu wenye vijana waliokwenda machimboni Geita na Chunya, hiki kingine ni chenu: Ducks, cha Kate Beaton, mwaka 2022. Anatoka Cape Breton, kisiwa cha Kanada ambako kila nyumba ina mtu aliyekwenda mbali kutafuta. Amemaliza chuo, ana deni la masomo, anakwenda Alberta kwenye machimbo ya mchanga wa mafuta, ambako wanaume ni wengi na wanawake wa kuhesabu. Anayotendewa huko anayasema wazi, kwa hiyo ni kitabu cha watu wazima, si cha darasa la saba. Nilipokisoma nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, aliyetoka Buha kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba. Walikwenda maelfu kutoka mkoa huu. Aliporudi hakusema neno juu ya kambi, mpaka tukamzika. Beaton alisubiri miaka kadhaa, kisha akachora kurasa zaidi ya 400. Mtu aliyeondoka kwao kwa ajili ya fedha ana hadithi, na anaweza kuichora kwa wino mweusi na kijivu tu.

Vijana nawaona mnangoja Batman. Nitapita haraka. Absolute Batman, ya Scott Snyder na Nick Dragotta, ilianza Oktoba 2024. Humo Batman hana utajiri wala jumba, ni mtu wa kazi. Mkusanyo wa kwanza ulitoka mwaka 2025. Ni nzuri, ina damu nyingi kuliko ninavyopenda. Kama fedha ni ya kitabu kimoja, kampuni ya DC, yenye Batman huyo, tangu mwaka 2024 inatoa mikusanyo midogo ya bei chini ya dola 10 za Marekani, na humo wameweka Watchmen yote, vijitabu 12 vya mwaka 1986 na 1987 kwa mpigo. Wameweka pia Far Sector, hadithi ya N. K. Jemisin iliyochorwa na Jamal Campbell, yenye askari mmoja mwanamke mweusi anayelinda mji wa mbali angani. Mimi ningechukua Far Sector.

Na mtu asikuambie katuni ni kitu cha watoto. Mwaka 1992 Art Spiegelman alipewa Tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, kwa Maus, kisa cha baba yake katika kambi za Wanazi, ambamo Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka. Mwaka 2025 Tessa Hulls akaipata Pulitzer ya kumbukumbu za maisha kwa Feeding Ghosts, juu ya bibi yake aliyetoka Uchina, mama yake, na yeye mwenyewe.

Kuna kitabu kimoja sikukileta, nacho ni safari ya Tintin, kijana wa katuni za Kibelgiji, kwenda Kongo. Kilianza gazetini Ubelgiji mwaka 1930, kikarekebishwa na kutiwa rangi mwaka 1946, na bado Mwafrika amechorwa humo kama mtoto mjinga. Mkikikuta mahali, msikichome. Kiwekeni kando ya kitabu cha Baruti, mwone nchi moja na watu wale wale wakitazamwa kwa macho mawili tofauti.

Neno langu la mwisho juu ya vya kwetu. Sani, ambayo jina lake ni herufi za mwanzo za Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kingo wa James Gayo. Hizi zilisomwa na nchi nzima, na karatasi zake zimefungiwa karanga na vitumbua. Kama una matoleo darini, kwenye sanduku la marehemu baba, chini ya godoro, nakuomba usiyachome na usiyauze kwa kilo. Yapange kwa namba. Nitakuja nyumbani kwako na msumari na uzi wa nyavu, na simu yenye kamera nzuri, tupige picha kila ukurasa kabla mchwa hawajatutangulia. Toleo unalokosa wewe huenda liko Katonga, na la Katonga huenda liko kwako.

Sasa vitabu hivi hapa, mikono iwe safi. Mzee wangu pale mbele, wewe uliyefanya kazi Liemba, njoo wewe kwanza. Fungua Baruti alipoichora meli, utuambie kama ameipatia.