Valvu Iliyowekwa Nyuma ya Bega

Jamani asanteni kwa kuja, leo naongea na nyie mnaosomea urubani lakini hasa nyie mafundi, sikilizeni vizuri.

Watu wengi wanadhani injini ikikata angani basi ndo mwisho. Sio kweli, ndege ndogo inaelea, inashuka taratibu, rubani akiwa na kimo na akili imetulia anatafuta sehemu anatua. Kinachoua mara nyingi ni zile sekunde baada ya injini kukata, mikono ya rubani inafanya nini, macho yanaangalia wapi. Chukueni ajali ya John Denver, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani.

Ilikuwa tarehe 12 Oktoba 1997, Monterey, California. Ndege ilikuwa Long-EZ, ramani yake ilichorwa na Burt Rutan, ni ndege ambayo mtu anajijengea mwenyewe nyumbani, injini iko nyuma. Denver ndo kwanza ameinunua, lakini hakuwa mgeni wa kurusha ndege, alikuwa na zaidi ya saa 2,700 angani. Ugeni wake ulikuwa kwenye aina hii.

Sasa kwenye ramani ya Rutan valvu ya kuchagua tenki la mafuta, ile unayogeuza tenki moja likiisha utumie jingine, iko mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga hii ndege hakutaka paipu za mafuta zipite pale alipokaa mtu, akaipeleka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Nia ilikuwa nzuri kabisa! Ila mpini hauna alama yoyote, na ukiugeuza kulia unafungua tenki la kushoto. Geji za mafuta nazo ziko nyuma, rubani akikaa hazioni. Ni kama umwekee dereva wa daladala breki nyuma ya siti halafu umwambie kila la heri.

Na hili liliongelewa kabla hajaruka, hapo ndo panaponiuma. Fundi wa pale uwanjani aliliona tatizo, wakajaribu kuurefusha mpini kwa vaisgripi, yaani koleo la kubana na kujifunga, haikusaidia. Fundi akampa kioo kidogo cha kuangalizia geji. Denver akasema atawasha otopailoti ndege ikae sawa wakati anageuza valvu, mafuta hakuongeza, alisema anaruka kama saa moja hivi tu.

Akaruka, akagusa njia mara tatu, yaani kutua na kupaa tena bila kusimama, halafu akaelekea baharini upande wa Pacific Grove akiwa kama futi 500 tu. Mashuhuda wakasikia mlio kama wa kupasuka kisha injini ikapungua nguvu. Kwenye Long-EZ usukani uko mkono wa kulia, kwahiyo ili ufikie ile valvu unaachia usukani, unajipinda mwili mzima kwenda kushoto, na wachunguzi walipojaribu wakakuta ukijipinda hivyo mguu wa kulia wenyewe unasukuma pedali ya kugeuzia ndege. Ndege ikainama ikaingia majini na Denver akafa palepale, ana miaka 53.

Ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, iliweka sababu kuu kwa rubani, kwamba aliacha kuirusha ndege akawa anahangaika na valvu, halafu mahali pa mpini, geji zisizo na alama na mafunzo hafifu ya aina ile ya ndege wakaviita vichangizi. Naiheshimu ripoti lakini mimi ningeanza na mpini. Ukimtaka binadamu ajipinde kwa futi 500 injini ikiwa imekata umeshamshinda kabla hajaanza, hata angekuwa na saa elfu kumi.

Kwahiyo fundi ukiona kitu kama hicho usimpe rubani kioo, andika kwenye kitabu cha ndege, kataa kusaini. Na nyie marubani, tukitoka hapa tunaenda hanga, kwenye banda la ndege, kila mtu atakaa kwenye siti, atafunga mkanda, atafumba macho na kuigusa valvu ya mafuta bila kuachia usukani. Asiyeifikia tunarekebisha siti kwanza. Haya, nani ana swali kabla hatujatoka?