Tuzo za Wahitimu Wanaojitolea: Kazi Inaanzia Kwenye Daftari

Mkuu wa Chuo, walimu wetu, viongozi wa jumuiya za wahitimu wa vyuo vya Mtwara na Lindi, wanachuo, habari za asubuhi.

Naanza na kinachoharibu tuzo nyingi. Kamati inakaa wiki mbili kabla ya sherehe, mmoja anauliza "mwaka huu tumpe nani?", na majina yanayokuja mdomoni ni ya wanaoonekana: aliyetoa saruji, mwenye cheo Dodoma. Fundi wa Newala anayepokea wanachuo wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, akawapa zana zake na kuwasainia vitabu vyao, hatajwi. Hakuna anayemchukia. Hajaandikwa popote.

Kwa hiyo fungueni daftari mapema, Januari. Kaunta buku moja inatosha, yenye safu sita: tarehe, jina, mwaka wa kuhitimu, kazi aliyofanya, saa alizotumia, na sahihi ya aliyeshuhudia. Hiyo safu ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayozima ugomvi baadaye. Likae kwa mshauri wa wanafunzi, kwani viongozi wa jumuiya hubadilika kila uchaguzi na daftari huondoka nao. Michango ya fedha iwe na daftari lake. Inastahili shukrani, tena kubwa, lakini mkiichanganya na saa za kazi, milioni moja itafunika Jumamosi zote ambazo mtu amekaa karakanani na vijana wenu.

Kamati ya uteuzi iwe ya watu watano, mmoja wao mwanachuo. Mjumbe akipendekezwa, atoke nje wakati jina lake likijadiliwa.

Sasa majina. Huku kwetu hapa ndipo heshima inapogeuka aibu. Jina la ukoo linaloanza na Chi- karani analiandika Ki-, jina lenye N mbili mwanzoni linapunguziwa moja, na mama aliyesoma kwa jina la baba yake leo anatumia la mume. Msinakili majina kutoka kwenye rejesta ya chuo. Mtumieni mhusika ujumbe, aandike mwenyewe jina kama anavyotaka lisomwe, na hapo hapo mtajua kama yu hai na anaweza kufika.

Kwenye cheti, "kwa mchango wake mkubwa" haimwambii mtu kitu. Andikeni kazi yenyewe: "Kwa kusimamia mafunzo kwa vitendo ya wanachuo 12 wa umeme, Masasi, Julai 2023 hadi Juni 2024." Chapeni kwa printa ya leza kwenye karatasi ngumu ya gramu 250, kwa sababu wino wa maji huvuja kwenye unyevu wa pwani. Mkiweka fremu, karatasi isigusane na kioo. Tieni ukingo wa kadibodi katikati, la sivyo itaganda kwenye kioo na kupata madoa.

Wengi mtapenda ngao ya mpingo, nami naiunga mkono, kwa kuwa mafundi tunao. Ila mpingo hukauka polepole sana, na ngao iliyochongwa kwenye gogo bichi hupasuka ukutani. Agizeni miezi kadhaa kabla, mkitaka mti uliokwisha kukauka, na mkague ncha, maana nyufa huanzia huko.

Tarehe je? Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, 5 Desemba, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, inavutia. Kwetu inaangukia msimu wa korosho, na mtu wa Tandahimba yuko kwenye mavuno na minada. Napendelea Jumamosi ya mwisho wa Mei: mvua imepungua, na kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho haijapamba moto. Anzeni saa 4 asubuhi, na anayetoka Liwale awekewe malazi ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Nauli atumiwe kabla ya kusafiri. Kumpa mtu nauli si kumlipa. Kumwita aheshimiwe kwa gharama zake ni kumdhulumu.

Baada ya sherehe, barua ya chuo iende kwa mwajiri wa aliyetuzwa ndani ya wiki mbili, naye akiwa ameridhia. Picha nazo zisisambazwe bila idhini yake; tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Idhini hiyo iombeni kwa maandishi siku ile ile anapowathibitishia jina.