Nyaraka Zilizodumu: Historia ya Ubalozi kati ya Kenya na Tanzania

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Mada ni mabalozi na uhusiano wa Kenya na Tanzania. Kwa kuwa tuko Mombasa, nitaanzia Ngome ya Yesu, kabla nchi hizo mbili hazijakuwapo.

Februari 1824 Wamazrui waliotawala mji huu walikuwa wamebanwa na Sayyid Said wa Oman. Nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipotia nanga walimwomba ulinzi, akakubali. Bendera ya Uingereza ikapandishwa ngomeni, mkataba ukaandikwa: Waingereza wapate nusu ya ushuru wa forodha, biashara ya watumwa ikomeshwe, na Wamazrui wasaidiwe kurudishiwa milki zao za zamani, Pemba ikiwamo. Owen akamwacha Luteni Reitz asimamie mambo, naye akaendelea na safari. Reitz alikufa baada ya miezi michache tu. Lakini kasoro kubwa ilikuwa kwingine. Owen alitumwa kupima pwani na kuchora ramani. Hakutumwa kufunga mikataba. London ikaukataa mkataba wake, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Wamazrui, waliodhani wana dola kubwa nyuma yao, wakabaki peke yao mpaka Sayyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837.

Kwa hiyo kabla ya chai na tabasamu, kazi ya kwanza katika ubalozi ni kujua huyu aliye mbele yako katumwa na nani, na ana mamlaka ya kutia sahihi juu ya jambo gani.

Siku hizi jibu limo katika Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi, na utaratibu wake ni huu. Nchi inayomtuma balozi humteua kwa sheria zake yenyewe. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, rais hupendekeza jina na Bunge la Taifa huliidhinisha. Tanzania, rais huteua bila kupitia bungeni. Jina hupelekwa kimyakimya kwa nchi mwenyeji kuombewa ridhaa, na mwenyeji anaweza kukataa bila kutoa sababu. Ndiyo maana jina likitangazwa magazetini kabla ya ridhaa kupatikana, wenyeji hukasirika hata kama hawana neno na mtu mwenyewe. Wamenyimwa nafasi ya kukataa kwa staha. Balozi akiwasili hupeleka kwanza nakala ya hati zake za utambulisho katika wizara ya mambo ya nje, kisha siku ikifika humkabidhi rais hati zenyewe. Kwa kawaida huandamana na barua ya kumwondoa mtangulizi wake, ili kusiwe na watu wawili wanaodai kusema kwa niaba ya nchi moja. Tarehe na saa aliyoanza kazi rasmi ndiyo inayoamua atakaa kiti cha ngapi katika safu ya mabalozi. Watu wa itifaki hawafanyi mzaha na saa hiyo.

Sasa turudi kwenye mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari unaotoka mdomo wa Mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, hadi Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima ule kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ni tamu, lakini haina waraka. Wilhelm hakuwa hata amekalia kiti mwaka 1886, alikikalia 1888.

Mwambao wetu ulikuwa na waraka wake. Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa maili 10 kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka. Utawala, wala si milki, na hiyo ndiyo sababu bendera yake nyekundu iliendelea kupepea hapa ngomeni. Uhuru ulipokaribia, swali likawa zito: Kenya ikijitawala, Mombasa ni ya nani? Wengine walitaka mwambao uwe na mamlaka yake, wengine urudi kwa Sultani. Tume ya Robertson, iliyoundwa kuchunguza swali hilo, ilipendekeza mwaka 1961 uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa sahihi London baina ya Uingereza, Sultani, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar.

Pamoja na makubaliano hayo zilibadilishwa barua kati ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Watu wengi hutaja mkataba na kuzisahau barua, ilhali barua ndizo zenye nyama. Ndimo ilimoahidiwa uhuru wa ibada, mahakama za Kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo, na hati miliki za ardhi zilizokwisha kutolewa zitambuliwe. Hiyo ya ardhi ndiyo inayoleta maneno mpaka leo, maana hati ilimlinda aliyekuwa nayo na ikamwacha nje aliyekaa juu ya ardhi vizazi na vizazi bila karatasi.

Tazameni tarehe. Barua ni za Oktoba 1963. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, Kenya Desemba 12, na Januari 12, 1964 serikali ya Shamte na Sultani Jamshid wakapinduliwa. Aprili 26 mwaka huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Mmoja wa waandikaji hakuwa tena na serikali, na nchi yake imo ndani ya nchi nyingine. Hata hivyo mwambao ulibaki Kenya na mahakama za Kadhi ziliendelea. Leo zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba. Mapinduzi hubadilisha watawala, lakini mpaka uliokwisha kukubaliwa haubadiliki kwa sababu hiyo peke yake.

Mtihani mkubwa ulikuja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Tanzania na Uganda. Mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala Juni 1967. Makao ya mashirika yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe Arusha. Mpango mzuri, ila ulitegemea mambo mawili yaliyoharibika upesi. La kwanza, maamuzi makubwa yalihitaji marais watatu kukubaliana. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye. La pili, pesa. Kila nchi ilikuwa ikikusanya mapato ya mashirika ndani ya eneo lake na kutakiwa kuyapeleka makao makuu. Bandari ya Mombasa ilidaiwa na Dar es Salaam, reli ya Tanzania ikadaiwa na Nairobi, na kila upande ulianza kuzuia fedha kwa hoja kwamba mwenzake kazuia kwanza.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilisambaratika, Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za watalii kutoka Kenya zikazuiwa upande wa pili. Kivuko cha Bologonja, kati ya Serengeti na Masai Mara, hakijafunguliwa kwa watalii tangu wakati huo.

Kilichofuata hakikuwa na shangwe yoyote, nami nadhani ndiyo kazi bora ya diplomasia iliyopata kufanyika katika eneo hili. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alipewa jukumu la upatanishi, akaanza kuhesabu: mabehewa, majengo, madeni, pensheni za wafanyakazi. Ugumu ni kwamba mali ilikuwa imeshikwa na yule ambaye ilikuwa kwake siku ya kuvunjika, na Uganda ilishika kidogo kuliko haki yake. Fungu likakatwa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na aliyeshika zaidi ya fungu lake amlipe mwenye pungufu. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Wakati huohuo Tanzania iliwarudisha Kenya waliokimbia baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kiongozi wake Hezekiah Ochuka akiwa mmoja wao, na Kenya ikawarudisha Watanzania waliotuhumiwa kupanga njama dhidi ya Nyerere. Ochuka alinyongwa 1987; si kila mapatano ya majirani ni ya kupigiwa makofi. Mei 1984 marais Moi, Nyerere na Obote wakatia sahihi mgawanyo huo Arusha, na bila hesabu ile kufungwa, sioni vipi Jumuiya mpya ya 1999 ingeanzishwa.

Na bahari? Mpaka wa baharini ulikubaliwa kwa kubadilishana nyaraka, ule wa kwanza Desemba 1975 na wa majibu Julai 1976. Njia hiyo ni nyepesi: upande mmoja unaandika mapendekezo yote, wa pili unayarudia neno kwa neno na kusema tumekubali. Ndani yake wavuvi wa kienyeji wa pande zote waliruhusiwa kuvua maili 12 kila upande wa mstari. Miezi saba baadaye mpaka wa nchi kavu ukafungwa, lakini mstari wa baharini haukuguswa, na mwaka 2009 nchi hizo zikauendeleza hadi bahari kuu. Mvuvi wa Vanga anayekamatwa leo mara nyingi hakamatwi kwa sababu ya mstari wenyewe. Hukamatwa kwa leseni, kwa aina ya nyavu, au kwa kuvua kwa namna isiyo ya kienyeji.

Ugomvi wa miaka ya karibuni nitaupitia haraka. 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya. Agosti 2020 iliizuia Kenya Airways baada ya Kenya kuiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake hawahitaji karantini. Orodha iliporekebishwa, ndege zikarudi Septemba. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Utaona kila mara zuio lilitangazwa na ofisi ya kilimo, ya mifugo au ya anga, na balozi akaletewa moto uliokwisha kuwaka.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: mtu wa Mombasa akikamatwa Tanga, ubalozi utamtoa? Hautamtoa. Konseli, yaani afisa anayeshughulikia raia wa nchi yake ugenini, hana uwezo wa kuamuru polisi wala mahakama. Lakini Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963 juu ya kazi za konseli, kifungu cha 36, unampa mshikwa haki ya kuomba ofisi ya nchi yake iarifiwe bila kuchelewa, nao polisi wanapaswa kumweleza haki hiyo. Aiombe kwa maneno wazi, na ikiwezekana iandikwe kwenye kitabu cha kituo. Konseli anaweza kumtembelea, kuwajulisha jamaa na kumwonyesha mawakili; ada ya wakili hailipi. Na aliyepoteza pasipoti aanze polisi, apate taarifa ya upotevu, kisha aende ubalozini na picha na nakala yoyote ya kitambulisho. Atapewa hati ya dharura ya kurudia nyumbani tu, kwa hiyo asipange kupitia nayo nchi ya tatu.