Gesi au plasma? Tizama pleti yako kwanza

Haya asalamu aleikum jamani, karibuni karakanani Mwanakwerekwe, leo nna pleti mbili, hii nzito ya mili 20, yaani milimita, chuma cha kawaida na hii stenlesi mili 6. Kuna kijana kaniuliza, kwa kukatia chuma anunue mtungi wa gesi au mashine ya plasma, nkamwambia we ngoja kwanza.

Tuanze na gesi. Nawa mikono kwa sabuni, sitanii, kama umetoka kula samaki wa kukaanga vidole vina mafuta, na mafuta yakikutana na oksijini ya mtungi yanawaka. Fungua asetilini, ile gesi inayowaka, kidogo, geji ya presha isipite psi 15, juu ya hapo inaweza kuripuka yenyewe. Vaa miwani, washa, ongeza mpaka ule moshi mweusi ukatike, ndo ulete oksijini taratibu mpaka kile kincha cha ndani ya moto kikaze, kiwe cheupe.

Sasa pasha ukingo wa pleti na usiwe na pupa, subiri iwe nyekundu ya kung'aa ndo ubane mkono wa oksijini. Wengi wanadhani moto ndo unayeyusha chuma, siyo, chuma chenyewe kinaungua ndani ya oksijini, na cheche zinatakiwa zitokee chini. Zikikurudia usoni ujue umekwenda mbio, rudi upashe tena.

Moto ule ule naupeleka kwenye stenlesi... imekuwa nyekundu, nabana... wapi! Inavimba vimba tu. Kromiamu iliyomo inafanya ngozi ngumu inayozuia oksijini isiendelee kula chuma. Alumini nayo haikatiki hivi.

Hapo ndo plasma, inakata kwa hewa ya kompresa iliyochomwa na umeme, yenyewe haichagui, mradi chuma kipitishe umeme. Mwanzo mwaga maji kwenye tangi la kompresa, hewa yetu hii ya baharini ina unyevu balaa na maji yanakula nozeli na elektrodi za tochi, mie nshatupa nyingi kwa uvivu huo. Kwangua kutu, bana klempu ya athi kwenye pleti, vaa miwani ya giza zaidi, buruta tochi. Mnaona? Safi, na pleti haijapinda. Ila umeme ukikatika unabaki unaitizama mashine.

Leza nayo nzuri kwa bati jembamba, lakini bei yake, aa.

Ile ya mili 20 plasma yangu ndogo inaichubua tu, kwa hiyo naimalizia kwa gesi. Ukimaliza funga mitungi yote miwili, toa gesi iliyobaki kwenye mipira, na asetilini iache imesimama, usiilaze.