Jina Linalokopesheka

Mwangaluka! Naona mmeitikia vizuri, hata wasio Wasukuma. Shikamooni wakubwa zangu. Waliokuja na boti kutoka Ukerewe, poleni na safari. Wa Sengerema sina pole yenu: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 mnatuwahi sokoni sisi tunaolala hapahapa Mwanza mjini.

Nimeitwa niongelee kujibrandi. Mzee mmoja pale mlangoni kaniuliza kama ni ile ya kwenye chupa. Hapana, baba. Swali ni kama mwenye biashara ndogo, akijijengea jina yeye mwenyewe, kwa sura yake na sauti yake, linamlipa. Vijana mmeshajibu, kila asubuhi mnatupia picha statasi. Na mimi nasema linalipa, ila sio kila biashara, na pesa yake mara nyingi haiingilii mlango tunaoutazamia.

Nitaanzia soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, maana ndiko nilikolelea watoto. Tajiri ametoka Kongo, amesimama mbele ya magunia ya dagaa. Anatia mkono, anatoa konzi, ananusa. Kisha anafikicha, anawarudisha dagaa, anabaki anatazama kiganja. Anatafuta mchanga. Kila mtu pale anajua kwamba dagaa walioanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga mizani inauhesabu. Wa kwenye kichanja ni safi. Lakini gunia likishashonwa, la kichanja na la mchangani ni ndugu mapacha. Huyu bwana hawezi kumwaga magunia mia moja chini. Kwa hiyo ananyanyua uso na kuuliza: "Mzigo wa nani huu?"

Ndugu zangu, brandi yote iko kwenye swali hilo. Jina linafanya kazi pale ambapo mnunuzi hawezi kuona ndani. Muuza nyanya wa Buzuruga, mteja anaibonyeza nyanya mwenyewe na akiona laini anaenda meza ya pili. Jina litamwongezea kidogo, basi. Lakini fundi simu anayebaki na simu yako yenye siri zako zote? Mshonaji uliyemwachia kitambaa cha harusi? Muuza asali, ambayo sukari ikichanganywa macho hayaoni? Hao wakae wajenge jina hata kama hawajamaliza kujenga kibanda.

Sasa huo mlango mwingine. Tukisema jina, sote tunawaza wateja. Mimi jina langu la kwanza halikuniletea mteja, liliniletea mali kauli. Tajiri mmoja alinipa magunia manne bila senti, kwa sababu mwezi uliotangulia nilimrudishia hela yake Ijumaa kama nilivyosema, wala si Jumatatu. Sikuwa na picha popote. Simu yangu yenyewe ilikuwa ya tochi. Na mnajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na mzigo unaadimika. Siku hizo kidogo kilichopo hakiendi kwa mwenye wafuasi wengi, kinakwenda kwa anayeaminika. Watu saba wanaokuamini na mzigo wao wanawashinda thamani elfu saba wanaokupa kopa la moyo kwenye Instagram. Yule kijana anacheka, lakini mwulize mtaji wake alikopa kwa nani.

Haya, niwaambie na aibu yangu, maana mkiniona na kilemba mnadhani nimefika. Nilipoanza kufunga dagaa kwenye pakiti, nikaweka picha yangu mbele, nimetabasamu, nimevaa dhahabu ya kuazima. Pakiti zikaenda. Masika ikaja, jua likagoma siku nne, dagaa hawakukauka sawasawa, na nina oda ya Dodoma inanisubiri. Nikafunga hivyohivyo. Wiki mbili baadaye mteja ananirushia picha: dagaa wameota ukungu, na juu yao mimi nacheka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi maji aliyaleta Mungu, lakini pakiti niliifunga mwenyewe. Fedha nilirudisha yote. Mteja yule hakurudi.

Kama nisingeweka sura, angesema tu "dagaa wa Mwanza wabaya" na ningejificha humo. Lakini kujificha humo nako kuna gharama yake. Wakubwa mnakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa ziwa hili kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Habari zenyewe zilianzia upande wa Uganda. Viwanda vya minofu vya hapa vikafungiwa pamoja na vya huko na vya Kenya, aliyevua vizuri na aliyevua vibaya. Mnunuzi wa mbali alilijua ziwa, hakumjua mtu.

Kitu kinachonisumbua zaidi kwenye kujibrandi ni mwili. Kuna mama lishe namfahamu, sato wake wa nazi watu wanapanga foleni. Aliuguliwa, akakaa hospitali ya Bugando na mgonjwa wiki tatu. Binti yake akabaki jikoni, nyanya zilezile, sufuria ileile, na mkitaka ukweli wangu, chumvi yake ina kipimo kuliko ya mama. Wateja wanafika, wanachungulia: "Mwenyewe yupo?" Hayupo. Wanaenda zao. Mama yule alikuwa amejenga jina zuri sana, ila hakujenga biashara. Ukimwondoa yeye hakuna cha kurithi. Angemtoa binti mbele mapema, awe anapakua yeye, anapokea hela yeye, watu waizoee mikono ya wote wawili.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka, mwenye haja anifuate baadaye. Kusajili jina la biashara BRELA, wale wakala wa serikali wa usajili, sio kusajili alama ya biashara. Alama ni maombi mengine na ada nyingine, na inakulinda miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Kama jina lako limeanza kuigwa, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Kabla ya chai, toeni simu. Kila mmoja achukue lipa namba ya jirani yake, aanze kumlipa shilingi mia tano. Namba ya siri msiweke! Ishieni pale jina linapotokea, kisha mtusomee. Wewe mama wa kitenge cha bluu, biashara yako inaitwaje? Vizuri, na bango unalo. Jirani, kwenye simu limetokea jina gani?

"La mwanaume."

Mama, ni nani huyo?

"Shemeji yangu. Yuko Geita."

Haya, mwingine.

"Kwangu limekuja jina la aliyekuwa mume wa jirani yangu huyu."

Jamani, chai isubiri kidogo.