Tarakimu 13: Spea za Manowari za Spruance

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna mambo matatu ya kukagua kabla hujanunua spea ya destroya (manowari za kusindikiza) za aina ya Spruance za jeshi la majini la Marekani. Lakini Kaka Beka, tuanze na ile vali.

BEKA: Imefika Jumanne, dada. Ya shaba, nzito. Muuzaji kaandika "imetoka Spruance". Lebo ina namba ya jeshi ya kutambulisha spea: inaanza na 4820, kisha 00, kisha tarakimu saba.

ZUHURA: Jumla?

BEKA: Kumi na tatu!

ZUHURA: Haya, tuzisome. 4820 ni kundi la vali za kufungua kwa mkono. 00 ni Marekani: zamani namba zilikuwa na tarakimu 11, na zilipobadilishwa miaka ya 1970 ndipo 00 ikapachikwa katikati. Vilivyoandikishwa baadaye vikapewa 01.

BEKA: Na Spruance ya kwanza iliingia kazini 1975.

ZUHURA: Basi vali yako ilishakuwa kwenye orodha kabla ya meli. Namba inakuambia kitu ni nini, haikuambii kimetoka meli ipi. Muuzaji akitaja meli, mwombe karatasi za meli hiyo.

BEKA: Na injini? Injini za gesi LM2500 nne kwa kila Spruance. Manowari za Ticonderoga nne, za Arleigh Burke nne.

ZUHURA: Injini kuu ni familia moja. Jenereta za umeme ndizo huwakosesha watu: Spruance ina za modeli 501-K17 tatu, Burke ina za 501-K34. Usilinganishe kwa jina la kiwanda, linganisha...

BEKA: Zote kumi na tatu!

ZUHURA: Halafu mpira. Namba inaweza kulingana kabisa na oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ikawa imekufa. Pakiti ikisema 3Q88, ni robo ya tatu ya 1988. Ikunje kidogo, ukiona nyufa, tupa. Ukiifunga itavuja, hata kama haijawahi kutumika.

BEKA: Ndiyo maana inaniuma. Spruance zilijengwa 31, zote kiwanda cha meli cha Ingalls, Pascagoula, Marekani, na nyingi zikazamishwa kama shabaha. Wangebakiza moja ya makumbusho, spea zingekuwa na mwenyewe.

ZUHURA: Kwa fedha ipi? Sehemu ya juu ni alumini, mwili ni chuma. Vikikutana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Hiyo ni kazi ya kila mwaka.

BEKA: Destroya za Fletcher ni za vita ya pili ya dunia, na nne ni makumbusho mpaka leo.

ZUHURA: Na mojawapo, The Sullivans, ilijaa maji Buffalo, Aprili 2022.

BEKA: Ikainuliwa!

ZUHURA: Kwa gharama. Sikubali, kaka.

BEKA: Wala mimi, dada.

ZUHURA: Dakika zimeisha. Mengine hatukuyagusa.

BEKA: Hata lile la rafadha?

ZUHURA: Hata hilo. Wewe fungua vali, utazame sili yake ina mwaka gani.