Kwa Miguu Gozo: Rasi, Ramli na Udongo wa Buluu

BARAKA: Da Zuhura, uliponitumia ile picha ya kibao cha njiani nilidhani umeshuka Oman. Kibao kimeandikwa "Ramla".

ZUHURA: Ramla l-Ħamra. Mchanga mwekundu. Na mchanga wenyewe ni mwekundu kweli, rangi ya matofali yaliyochomwa vizuri. Nilisimama pale nikajiuliza: sisi tunaposema mtu anapiga ramli, hiyo ramli ni nini? Ni mchanga! Waganga wa zamani walichora alama zao mchangani. Neno nimelisema tangu utoto, nimekuja kulikanyaga Gozo.

BARAKA: Wasikilizaji, karibuni. Leo hatupandi mlima. Da Zuhura ametembea siku nne kwenye kisiwa kidogo cha bahari ya Mediterania. Tuanze na ramani, maana hata mimi ilibidi nitafute.

ZUHURA: Nchi ni Malta, kusini mwa Sisilia. Gozo ndicho kisiwa chake cha pili kwa ukubwa. Wenyewe wanakiita Għawdex. Unatamka kama "Audesh", hiyo għ haisikiki. Kina kilomita za mraba 67 tu. Unguja yetu inaingia Gozo zaidi ya ishirini. Urefu kilomita 14, upana 7.

BARAKA: Na kilima kirefu kabisa?

ZUHURA: Hakifiki mita 200.

BARAKA: Mimi nimezaliwa Moshi, dada. Mita 200 kwetu ni njia ya kwenda dukani.

ZUHURA: Najua, lakini sikiliza. Usipime kwa kimo. Pale unatembea juu ya ukingo wa magenge, bahari iko chini yako zaidi ya mita 100, na kila nusu saa nchi inabadilika. Nusu saa moja jabali tupu, nusu saa nyingine udongo unaokuvuta kiatu, halafu mashamba ya ngazi ngazi, halafu bonde lenye matete na maji. Siku ya kwanza nilidhani ni vurugu tu. Siku ya pili nikaelewa mpango wake, na tangu hapo sikuweza kutazama kitu kingine.

BARAKA: Tueleze huo mpango.

ZUHURA: Kisiwa ni tabaka, limewekwa juu ya tabaka, kama keki. Juu kabisa kuna jiwe gumu la chokaa lililotokana na matumbawe na mwani wa baharini. Chini yake utepe mwembamba wa mchanga wa kijani kibichi. Halafu udongo wa mfinyanzi wa buluu. Halafu chokaa laini ya manjano, ile wanayojengea nyumba na makanisa. Na chini kabisa, jiwe gumu tena, ndilo linalofanya magenge ya baharini. Sasa mvua inyeshe. Maji yanapenya jiwe la juu, yanashuka, yanafika kwenye udongo wa buluu. Hapo hayapiti. Yanatafuta pa kutokea ubavuni mwa kilima.

BARAKA: Chemchemi.

ZUHURA: Chemchemi! Ndiyo maana vilima vya Gozo vimekatwa bapa juu kama meza, na kijani kinaanzia chini ya ile meza, si juu yake. Mkulima anaufuata udongo. Ukishalijua hilo, unaweza kusimama mahali, ukatazama kilima cha mbali, ukasema: pale pana maji, pale pana shamba, na njia itapita pale. Nami nilijaribu, nikapatia mara tatu kati ya nne.

BARAKA: Na ya nne?

ZUHURA: Ya nne nilijifunza kwamba udongo wa buluu ukilowa ni sabuni. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi nikashuka kuelekea ufukwe mmoja kaskazini, nikateleza mita kadhaa kwa makalio. Sikuumia, namshukuru Mungu. Lakini nawaambia kwa dhati: baada ya mvua, acheni njia za kwenye udongo. Pita juu ya jiwe.

BARAKA: Viatu gani?

ZUHURA: Vyenye meno mazito. Lile jiwe la juu limeliwa na mvua mpaka limekuwa kama mapanga. Wewe umetembea kwenye matumbawe ya Makunduchi maji yakitoka?

BARAKA: Nimetembea. Nilikatwa.

ZUHURA: Basi ni hilohilo, ila liko nchi kavu na lina maua. Nilikwenda Machi, na Machi kila ufa wa jiwe una ua. Kuna moja la manjano limetandaa kila shamba. Asili yake Afrika Kusini, lililetwa karne ya 19, leo hakuna anayeliona mgeni. Na harufu! Unakanyaga zaatari, unakanyaga shamari bila kukusudia.

BARAKA: Turudi kwenye majina, maana hapo ndipo uliponiandikia ujumbe saa sita za usiku.

ZUHURA: Samahani kwa hilo, sikuweza kungoja. Kimalta ni lugha ya jamii moja na Kiarabu, ila inaandikwa kwa herufi za Kilatini na imechanganyika sana na Kisisilia na Kiitaliano. Kwa hiyo ukifungua ramani unakutana na ndugu. "Ras" ni rasi. "Wied" ni bonde, lile lile wadi. Pale Dwejra kuna kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na majabali, kinapata maji kupitia pango refu linalotokea bahari kuu. Wanakiita "Baħar ta' Ġewwa", bahari ya ndani. Nikamkuta mzee mmoja kaskazini, karibu na Wied il-Għasri, anatengeneza ukuta wa shamba. Kuta zao hazina saruji; mawe yanabebana tu. Nikamsalimu kwa Kiingereza, nikamuuliza njia, akaniambia ni ngazi ngapi mpaka chini. Nikamwambia nifundishe kuhesabu. Akaanza: wieħed, tnejn, tlieta. Hapo hatukuonana. Akafika sitta. Nikasema, sita! Sebgħa. Saba! Tmienja, nane, tukaachana. Disgħa, tisa, tukakutana tena. Mzee ameweka nyundo chini. Għoxrin, ishirini. Mija, mia. Elf, elfu. Anacheka, nami machozi yananitoka.

BARAKA: Alijua Kiswahili ni nini?

ZUHURA: Hakujua. Akaniuliza, ninyi Waarabu? Nikamwambia sisi ni watu wa bahari nyingine. Na jambo lililonigusa kuliko hesabu ni hili: Gozo ni Wakatoliki, kila kijiji kina kanisa kubwa kuliko kijiji chenyewe. Lakini Mungu wanamwita Alla. Kwaresima wanaiita Randan. Pasaka ni l-Għid. Krismasi ni il-Milied.

BARAKA: Ramadhani, Idi, Maulidi.

ZUHURA: Maneno ni yale yale, ibada nyingine. Nilifika wakati wao wa Randan, na mwenye nyumba niliyofikia alikuwa amejinyima vitu vitamu.

BARAKA: Sasa, kuna mahali uliniambia hukupiga picha.

ZUHURA: Ngomeni. Katikati ya kisiwa kuna mji wa Victoria, jina la malkia wa Uingereza walilopewa mwaka 1887, ingawa wenyeji bado wanasema Rabat. Juu yake pana ngome, Cittadella. Njia nyingi za miguu na karibu mabasi yote yanaishia pale mjini, kwa hiyo nilipita kila siku. Julai 1551 meli za Waosmani, yaani Waturuki, zilikizingira kisiwa. Ngome ikaanguka baada ya siku chache. Walichukuliwa watumwa karibu watu 5,000, yaani karibu kisiwa kizima, wakapelekwa Tripoli. Mimi ni mtoto wa Unguja. Nimekua napita Mkunazini, pale soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Nilikaa ukutani pale Gozo nikatazama mashamba yote chini, nikawaza siku ya pili yake, mashamba yana mbegu na hayana mtu. Sikuweza kutoa simu mfukoni.

BARAKA: Pole, dada.

ZUHURA: Asante. Na waliorudi kukaa waliishi na hofu muda mrefu. Mpaka mwaka 1637 sheria ilitaka watu walale ndani ya ngome. Ndiyo maana ukitembea pwani unakutana na minara ya ulinzi: Xlendi 1650, Dwejra 1652, Mġarr ix-Xini 1661. Watu wengi wanaipiga picha kwa sababu ni mizuri. Mimi niliona macho yanayotazama bahari.

BARAKA: Msikilizaji akitaka kwenda mara moja tu, siku moja, umpeleke njia ipi?

ZUHURA: Wengi watamwambia Dwejra. Pale palikuwa na lile tao la jiwe lililosifika dunia nzima, lilianguka kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Nenda, ukaone pia lile jabali baharini ambalo wapiganaji wa shirika la Mtakatifu Yohana, wale mashujaa waliotawala Malta, walililinda kwa askari, kwa sababu ya mmea mwekundu unaoota juu yake walioamini unazuia damu. Waliufuata kwa kapu la kamba. Lakini nikiambiwa nichague mimi, naanzia Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba kama kidole, napanda mpaka magenge ya Ta' Ċenċ, napita Sannat, nashukia Xlendi. Siku nzima kwa mwendo wa kutazama.

BARAKA: Na chumvi? Ulinipa zawadi ya chumvi.

ZUHURA: Hiyo ni ya Xwejni, kaskazini. Wamechonga vijisinia kwenye jiwe la manjano, mamia kwa mamia, karibu na maji. Jua linakausha, familia zinafagia chumvi kiangazi. Mtu wa Pemba akiona atasema huku ni kwetu, ila kwetu tunachimba tope, wao wamechonga jiwe.

BARAKA: Mambo ya kuangalia kabla ya kwenda.

ZUHURA: Malta imo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ni hiyo. Pantoni kutoka Ċirkewwa linachukua dakika kama 25, na nauli unalipa ukirudi. Nenda kati ya Novemba na Aprili. Kiangazi hakuna kivuli, na maji ubebe mwenyewe. Ukiona herufi RTO zimepakwa rangi ukutani, mwenyewe anasema ni ardhi yake. Wawindaji wa ndege ni wengi majira ya kuchipua na ya vuli. Mmoja alinifungia njia ambayo ramani yangu ilionesha ni ya umma. Liliniuma, na naamini njia za pwani ziwe za wote. Lakini yule ana bunduki nami nina fimbo, nilirudi nyuma.

BARAKA: Ulifanya vema. Tumalizie na ile sauti.

ZUHURA: Ta' Ċenċ, usiku wa mwisho. Tulikuwa watatu, taa za kichwani, tumekaa mbali na ukingo. Kuna ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo ya genge. Mchana wote wako baharini, hawaonekani. Wanarudi giza likishaingia, wakati mwezi haupo. Nilishaambiwa nitasikia kama watoto wachanga wanalia, nikaona watu wanatia chumvi. Wacha niiweke.

BARAKA: Weka.

[Upepo. Mawimbi ya mbali, chini. Kisha sauti moja, kisha nyingi.]